Mti wa miiba: adui shambani, rafiki jikoni



Juma hili tuongee juu ya mti ambao kila mama wa shamba amekwisha kuulaani: ule mti mfupi wa miiba, wenye majani madogo madogo kama ya mgunga, na maua yanayoning'inia, nusu manjano, nusu rangi ya waridi. Wataalamu wanauita Dichrostachys cinerea. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita mkulagembe, kwa sababu unamaliza majembe.

Ubaya wake tunaujua. Acha shamba lipumzike miaka michache, utalikuta limejaa. Ukiukata, mizizi inachipuka tena. Mwiba wake unatoboa kandambili na hata tairi ya kinga. Mwaka jana mtoto wangu alichomwa kisigino. Nilidharau, siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba na tukakimbia kituo cha afya. Kwa hiyo, mama, mtoto akichomwa, toa mwiba wote, osha kwa maji safi na sabuni, kisha uliza kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Usiweke udongo wala majivu kwenye kidonda.

Sasa tuangalie faida yake. Kuni zake ni ngumu, zinawaka polepole na moto wake ni mkali. Maharagwe yanaiva, na unabaki na kaa la kusonga bukari. Huko Cuba mti huu uliletwa kutoka nje ukavamia mashamba. Leo wanauchoma makala na kuyauza Ulaya, na mwaka 2017 wakaanza kuyauza hata Marekani.

Sisi tunaenda kila mwaka mbali zaidi kuangusha miti mikubwa. Mti mkubwa ukianguka leo, ni wajukuu watakaouona tena. Huu wa miiba unarudi wenyewe.

Fanya hivi: wakati wa kiangazi kata mashina kwa panga, vaa viatu vinavyofunika mguu, na acha visiki usawa wa goti ili vichipuke. Kausha kuni vizuri. Matawi ya miiba yazungushe bustani ya sombe, mbuzi hawatapita. Maganda ya mbegu wape mbuzi hao hao. Lakini usiupande kamwe karibu na shamba, unatambaa kwa mizizi.

Kwenye mkutano ujao, kila kundi lituambie: kuni zenu zinatoka wapi, na mnatembea saa ngapi?