Ukiona "yesterday", weka "went"

Wazazi wengi wa mjini, na siku hizi hata wa vijijini, wana imani moja wasiyoitilia shaka: mtoto akikariri tensi zote na orodha ya vielezi, Kiingereza amekimaliza. Ndiyo maana tuisheni za likizo zinajaa. Ndiyo maana mwalimu anayejaza ubao mzima kwa go, went, gone huonekana mchapakazi, na mwenzake anayewasomea watoto hadithi huonekana anapoteza kipindi. Imani hiyo ni potofu, na inawala watoto wetu miaka.

Fungua daftari la mtoto wa darasa la tano. Kapewa kitenzi go ajaze pengo katika sentensi inayoanza na Yesterday, inayosema Juma alikwenda sokoni. Mtoto haisomi sentensi. Anatafuta dalili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: ukiona yesterday, weka went, ukiona now, weka is going, ukiona every day, ongeza es, ukiona since au already, tafuta has. Anamruka Juma, analiruka soko, anaandika went, anapata vema. Ungemwandikia kwamba Juma alikwenda mwezini kwa baiskeli, asingeshtuka.

Sasa mwambie huyo huyo asimulie Jumapili yake. Utasikia: On Sunday I go to my uncle, he give me soda, we play. Si kwamba went haijui. Anaijua, na gave pia anaijua, ukimwamsha usiku wa manane atakutajia. Lakini katika masimulizi hakuna anayetaja yesterday kila sentensi. Msimuliaji hutaja wakati mara moja mwanzoni, kisha vitenzi vyenyewe vinaubeba mpaka mwisho. Dalili ikiondoka, mtoto naye kaanguka. Tumemfundisha kuwinda vielezi, tukadhani tumemfundisha nyakati.

Na vielezi vyenyewe tumemfundisha vipi? Kwa ile kanuni maarufu: neno likiishia na -ly, ni kielezi. Basi friendly na lovely, ambavyo ni vivumishi, vinageuka vielezi kwa amri ya mwalimu, na fast, soon na never vinabaki yatima. Kisha mtoto anaandika insha ya kumsifu baba yake: My father works hardly. Amefuata kanuni kikamilifu, na amemwita mzee wake mvivu.

Mwaka 1973 Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kuhusu watoto watatu wa Kimarekani aliowafuatilia tangu walipoanza kuunda sentensi. Kiambishi -ing kiliwahi kuja. Vitenzi korofi kama went na came vilitangulia vile vya -ed. Ile s ya he goes ilichelewa sana. Mwaka uliofuata Heidi Dulay na Marina Burt walitoa matokeo ya watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili: mpangilio wao ulikaribiana mno, ingawa lugha za nyumbani kwao hazifanani hata kidogo. Sisi tunafanya nini? Tunaanza na simple present, tena na ile s yake iliyo nzito, na anayesema he go anachekwa na darasa zima. Akisema goed, kalamu nyekundu inamshukia. Lakini neno hilo hakulisikia kwa mwalimu wala kulisoma mahali. Amelitunga mwenyewe, maana yake kanuni ya -ed imeanza kumwingia. Hata watoto wa Waingereza hupitia hapo hapo, na hakuna anayewachapa.

Nitajibiwa kwamba hao wamezungukwa na Kiingereza, na wetu wakitoka darasani ni Kiswahili, Kisukuma au Kichaga. Ni kweli tupu. Ndiyo sababu dakika zile chache za kipindi ni za thamani mno. Anayekisikia Kiingereza kipindi kimoja kwa siku anahitaji kipindi hicho kijae Kiingereza chenyewe, siyo maelezo kuhusu Kiingereza, tena maelezo yanayotolewa kwa Kiswahili. Hadi leo shule zetu zinakumbatia First Aid in English cha Angus Maciver, kitabu cha Uskoti cha mwaka 1938. Mtoto anajua kwamba kundi la simba ni pride, lakini kuomba ruhusa ya kwenda chooni kunamtoa jasho.

Simtupii mwalimu lawama zote. Mwenye wanafunzi 90 hawezi kusahihisha insha 90 kila wiki. Mapengo husahihishwa upesi, na mtihani wa kuchagua jibu huyapenda. Ila tusiite urahisi wa kusahihisha kuwa ni elimu. Kwenye shule za serikali mtoto huyu akifika kidato cha kwanza, Biolojia na Jiografia vinamsubiri kwa Kiingereza, na aya ya kitabu haina mapengo ya kujaza.

Dawa haihitaji mabilioni. Chukua hadithi ya sungura na fisi, ambayo watoto wanaijua tayari, isimulie kwa Kiingereza chepesi, irudie kesho na keshokutwa, waache waigize, kisha waimalizie wenyewe. Wakati uliopita umejaa humo bila yesterday hata moja. Fisi akinyata slowly, hakuna mtoto atakayeuliza kielezi ni nini. Sarufi isitupwe, wakati wake upo. Mwanafunzi mwenye sentensi nyingi kichwani, jedwali litampangia anachokijua. Asiye na sentensi halimpangii kitu.

Mzazi, mtoto akirudi leo na daftari lililojaa vema, lifunge kwanza. Mwambie akusimulie kwa Kiingereza siku yake ilivyokuwa. Akikwama, usimpeleke tuisheni ya tensi. Fedha hiyo mnunulie vitabu vya hadithi, na kwenye kikao cha wazazi uliza shule ina vingapi.