MUOMBE MBEGU AKIWA HAI (Sehemu ya 9)

Wiki iliyopita tuliongelea homa ya mtoto. Leo mnivumilie, naongelea pilipili. Nina sababu.

Kazini kwetu, nyuma ya wodi ya wazazi, kuna kipande cha ardhi kama ukubwa wa vitanda viwili, kati ya kamba za kuanikia mashuka na tangi la maji. Kwa miaka mingi kilikuwa cha sista mmoja aliyenitangulia sana kazini. Hakuna aliyempa, alilima tu. Wote tulimwita Mama Pilipili, mpaka madaktari. Mimi nikitoka zamu ya usiku namwagilia, yeye akiingia asubuhi anapalilia. Maneno yetu mengi tuliyaongelea pale kuliko wodini.

Pilipili yake ilikuwa mbuzi, lakini siyo hii tunayonunua kwa fungu. Ya njano, ndogo, imejikunjakunja, harufu unaisikia kabla hujaikata. Mbegu alipewa na bibi yake. Kila msimu alichagua tunda zuri kwenye mche wenye afya, akaliacha liive kabisa, akatoa mbegu na kuzikausha kivulini. Kisha anaziweka kwenye bahasha ya dawa, ile ndogo ya vidonge. Pale panapoandikwa dozi, yeye anaandika mwaka.

Mwaka jana alifariki. Presha. Yeye aliyepima presha za akina mama kila siku, ya kwake aliipima akikumbuka. Hilo nitaliandikia sehemu yake.

Tulichanga, tukashona sare, tukazika, tukaweka picha yake kwenye status siku tatu. Mimi nikaenda likizo. Niliporudi, kibustani kimefyekwa. Hakuna mbaya wa kumlaumu. Mtu wa usafi aliambiwa asafishe, akasafisha. Na mwenzenu, miaka sita namwagilia ile miche, sikuwahi kumwomba hata mbegu moja. Nilijua yupo, basi.

Nililia pale kwenye kamba za mashuka kuliko nilivyolia makaburini.

Ndiyo maana naandika. Jamani, sisi tunajua sana kuzika. Kukumbuka bado hatujui. Sare itachakaa, picha itapotea simu ikiibiwa. Mbegu ya mtu ukiipanda, kila msimu inakuita ukaimwagilie, na kila chungu kikipikwa jina lake linatajwa.

Najua kuna mtu atasema, "Sista, pilipili za mia mbili zimejaa sokoni, usumbuke ya nini?" Sikia. Mbegu nyingi za dukani siku hizi ni chotara. Zinazaa vizuri, sizikatai. Ila ukichukua mbegu ya tunda la chotara ukapanda, huna uhakika utapata kinachofanana na mama yake. Mbegu ya asili ukiitunza vizuri inarudi ileile. Tena mbegu ya pilipili haidumu milele. Ikikaa pakavu penye ubaridi inavumilia miaka michache, baadaye inakataa kuota. Kwa hiyo ya bibi yako iliyofichwa kabatini bila kupandwa, hiyo nayo inakufa polepole.

Mimi nilibahatika. Binti yake alikuta bahasha moja kwenye mfuko wa sweta la kazini la mama yake. Ndani mbegu 11. Niliziloweka usiku mmoja, nikazipanda kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, nikaliweka penye joto. Siku ya kwanza hadi ya kumi, kimya. Ya kumi na mbili zikachomoza tatu. Kuku wa jirani akala mmoja. Ikabaki miwili, hiyo nikaitunza kama njiti wodini. Ilipopata majani sita nikaihamishia kwenye ndoo zilizopasuka. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki anaweza kuleta chavua ya pilipili nyingine jirani. Kwa hiyo tawi la mbegu nililifunika kwa kipande cha neti chakavu mpaka matunda yaliposhika, nikalifunga uzi nisilisahau.

Sasa hapa kuna jambo linalowahusu wenye watoto wadogo. Mwanangu ana miaka mitano, alimpenda sana Mama Pilipili. Siku ya msiba mtu alimwambia, "Bibi amesafiri." Akakaa anasubiri zawadi. Kila nikirudi kazini anauliza, "Amerudi?" Nakwambia, inaumiza. Kwa maoni yangu tuache kuwaambia watoto kwamba marehemu amesafiri. Siku baba yake akisafiri kweli, mtoto atafikiri nini? Nilimkalisha kwenye ndoo nikamwambia, "Bibi amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Hii pilipili ni ya kwake, tutaitunza sisi." Alilia. Kisha akaomba kikombe cha maji amwagilie. Toka siku hiyo hajaniuliza tena amerudi lini.

Ila pilipili ni pilipili, na mimi bado ni nesi. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini, na kimejaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Mwaka 2021 David Julius wa Marekani alipata tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Julius alitumia hiyo kapsaisini kugundua kipokezi kwenye neva kinachotambua joto kali. Ndiyo maana unahisi unaungua wakati hakuna moto: pilipili inabonyeza kengele ileile.

Kwa hiyo ukitoa mbegu vaa glavu, au hata mfuko wa nailoni mkononi. Kapsaisini haitoki vizuri kwa maji matupu. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, ndipo umshike mtoto. Ikiingia machoni, usifikiche wala usiweke mafuta au maziwa. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, jicho likibaki jekundu au linauma njoo hospitali.

Na ile tabia ya kupaka pilipili kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto, tuache. Inamuunguza mtoto mdomo na macho, na wewe chuchu. Nyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, ukitaka kuacha punguza mara moja moja, anza na za mchana. Kumtia mtoto pilipili kama adhabu siiti adhabu, ni ukatili. Mama Pilipili alikuwa akisema pilipili ni ya chungu, siyo ya mtoto.

Ninachowaomba leo ni kidogo. Fikiria mtu mmoja mwenye mbegu yake: mama mkwe mwenye mchicha ambao haupo kwingine, babu mwenye maharage yake, jirani mwenye bamia. Nenda kamwombe akiwa hai, na akufundishe anavyoipanda. Usione haya, watu wanapenda kuombwa mbegu. Andika jina lake na mwaka kwenye bahasha. Kisha wagawie wengine wawili, maana mbegu iliyo nyumba moja inaondoka na kuku mmoja.

Ya Mama Pilipili sasa iko kwangu, kwa binti yake, na nyuma ya wodi. Pale nimechomeka kibao: USIFYEKE. Mtu wa usafi mwenyewe ndiye anayemwagilia nikiwa likizo.

Tukutane sehemu ya 10. Ni ile ya presha. Na kabla ya hapo, nenda kapime yako.