Semina Zinahesabu Walimu, Hazihesabu Masomo

Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, mtindo wa kuwaandaa walimu ulikuwa bado ule ule uliozoeleka tangu mtaala wa umilisi uenezwe nchini Kenya mwaka 2019: siku chache za likizo, ukumbi uliojaa, mkufunzi anayesoma slaidi alizosomewa na mkufunzi mwingine, kisha orodha ya mahudhurio. Mtindo huu haufai, na kuung'ang'ania ni kuwaonea walimu na watoto kwa pamoja. Aprili 2019 chama cha walimu cha KNUT kiliyapinga mafunzo hayo, lakini mjadala ukageuka kuwa mvutano wa mwajiri na chama, na swali la iwapo semina zenyewe zinamfundisha mtu chochote likafunikwa.

Wanaotayarisha mafunzo ya kazini wanaufahamu muundo uitwao ADDIE, uliotoka Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 katika kazi ya jeshi la Marekani. Una hatua tano: kuchanganua mahitaji, kusanifu, kuandaa vifaa, kufundisha na kutathmini. Semina zetu huruka ya kwanza na ya mwisho, nazo ndizo zinazobeba mzigo. Mwalimu wa mtaa wa Section 58 mjini Nakuru na mwenzake wa Kuresoi mashambani hupata slaidi zile zile, bila mtu kuuliza kwanza kila mmoja anakwama wapi. Tazama jambo moja tu. Mtaala unataka kila mwanafunzi akadiriwe kwa viwango vinne, kuanzia aliyezidi matarajio hadi aliye chini yake. Mwenye wanafunzi 60 katika kipindi cha dakika 40 ana sekunde 40 kwa kila mtoto, hata asipofundisha neno lolote. Hicho ndicho kinachomkosesha usingizi. Kusomewa maana ya umilisi kwa mara ya tatu hakumpi hata sekunde moja zaidi.

Wapo wanaosema Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ina walimu zaidi ya 300,000, fedha ni haba, na njia ya mkufunzi kumfunza mkufunzi ndiyo nafuu. Ni kweli kwamba ni nafuu. Lakini bei ya semina hupimwa kwa kinachobadilika darasani, na hapo hakuna anayepima.

Na kupima kunawezekana, kwa kuwa Kenya imewahi kufanya hivyo, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa sehemu za majaribio. Mradi wa PRIMR wa kusoma na hesabu, ulioanza 2011, ndio uliozaa Tusome, programu ya kusoma iliyoenea kitaifa kuanzia 2015. Huko nako semina zilikuwepo, ila kazi haikuishia ukumbini. Afisa wa kusaidia mtaala, yule CSO anayejulikana na kila mwalimu wa msingi, alifika shuleni na kishikwambi, akakaa nyuma ya darasa somo zima, akawaita watoto watatu wasome, akahesabu maneno waliyosoma sawasawa kwa dakika, kisha akaketi na mwalimu kuzungumza juu ya somo lile lile. Hata nauli yake ilitegemea ziara zilizothibitishwa. Usomaji wa watoto ulipanda, na waliofanya kazi hiyo hawakuwa wageni: ni waajiriwa wa TSC.

Kwa hiyo hoja kwamba yale yalikuwa mambo ya wafadhili haina mashiko. Fedha za Marekani zilinunua vishikwambi na mafuta ya pikipiki; maafisa walikuwa wetu na bado tunawalipa mishahara. Inaudhi kwamba kila awamu ya mtaala huu, kuanzia Gredi ya 1, ikaja ya 7 mwaka 2023, sasa ya 10, mamlaka hutoa idadi ya waliohudhuria kana kwamba ndiyo matokeo. Mtu aliyeketi ukumbini hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba aliketi. TSC ikitaka kutuonyesha kwamba walimu wa Gredi ya 10 wameiva, itoe hesabu nyingine: ni madarasa mangapi ya Nakuru yaliyotembelewa muhula huu, nani alikaa nyuma kutazama, na alimwambia nini mwalimu kengele ilipolia.