Malezi si Somo la Yaya

Katika kikao kimoja cha walimu hapa Bujumbura nilimsikia mwenzetu akidai, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba kuwafundisha wanafunzi wa sekondari malezi na makuzi ya mtoto ni kuwapotezea wakati, maana "hilo ni somo la yaya". Wengi walicheka. Mimi sikucheka, na kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kusema, naomba nimjibu hapa.

Dharau hii ina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura, Wabelgiji walianzisha Foyer Social, nyumba ya mafunzo kwa wanawake wa mitaa ya Waafrika. Humo mwanamke alifundishwa kushona, kupika, kusafisha nyumba na kumtunza mtoto mchanga, yote katika kapu moja, ili awe mke mwema kwa kipimo cha mtawala. Utawala wao ulikoma mwaka 1962. Kapu tumebaki nalo. Hata leo tukisikia "malezi" twawaza sindano na sufuria, wala hatuwazi elimu.

Na elimu yenyewe ni kubwa. Mojawapo ya nguzo zake ilisimikwa jirani na sisi. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao wachanga. Aliona jinsi mtoto anavyomwacha mama yake hatua chache ili aichungue dunia, kisha akamrudia. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mawazo yake kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi yanasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Akina mama wa Kiganda walikuwa walimu wake. Nasi, majirani zao, twaona elimu hiyo haiwafai hata wanafunzi wetu!

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya somo hili. La hasha. Mtoto wetu husota, hutambaa, husimama dede, hulikizwa. Kila neno ni hatua ya makuzi iliyotazamwa kwa makini na watu wasiokuwa na daftari. Lichukueni neno "kubemenda", mashuhuri huko Tanzania. Mtoto akidhoofu, husemwa wazazi wake wamembemenda, yaani hawakungoja amalize kunyonya. Mna ushirikina ndani yake, lakini mna pia jambo lililoonekana kwa macho: mama akishika mimba mapema, anayenyonya hupungukiwa. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alilitwaa neno "kwashiorkor" la lugha ya Ga, lihusulo ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake, likaingia katika vitabu vya tiba. Letu limebaki la umbea. Mwanafunzi wa miaka 16 angeweza kulichambua darasani, akatenga ushirikina na uchunguzi.

Tena hili si jambo la anasa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao hawalelewi na mama peke yake. Piteni Buyenzi jioni, mtawaona wanafunzi wetu, mdogo mtu mgongoni na daftari mkononi. Mlezi ndiye huyo aliyekaa mbele yetu asubuhi, nasi tumemfundisha mito ya Ulaya.

Wala sisemi habari za wasichana tu. Somo hili likiachiwa wasichana peke yao litakuwa Foyer Social kwa jina jipya. Mvulana ni kaka leo, na kesho ndiye atakayeulizwa pesa ya maziwa.

Nataka vipindi viwili kwa juma, kwa wavulana na wasichana pamoja. Hadi tutakapovipata, mwalimu wa Kiswahili anacho kipindi cha insha. Mimi nimekwisha kuanza: niliwatuma wanafunzi wakakusanye kwa bibi zao maneno ya hatua za mtoto, ya Kiswahili na ya Kirundi. Mvulana mmoja alirudi na maneno 14. Matano kati yake sikuwa nimepata kuyasikia. Daftari lake ninalo, na mwenzetu yule anakaribishwa kulisoma kabla ya kikao kijacho.