Ugonjwa wa Gari Hutambuliwa kwa Lugha Sahihi

Kila ajali ya barabarani inapotokea, lawama huelekezwa upesi kwa mwendo wa kasi na ulevi wa madereva. Hizo ni sababu za kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine isiyojadiliwa sana: magari mabovu ambayo yalionyesha dalili mapema, lakini wenyewe wakakosa kuzielewa au wakakosa maneno ya kumweleza fundi.

Tuchukue mfano wa Mboghoni, katika eneo la Taveta. Gari lililosheheni ndizi hutoka mashambani kwa njia ya udongo, ambayo wakati wa masika huwa tope tupu, kisha likashika lami kuelekea Maktau, Mwatate na Voi. Kule mashambani kila kitu hutikisika, na dereva huilaumu barabara. Ni kwenye lami, mwendo unapopanda, ndipo ugonjwa halisi hujitokeza. Akifika gereji, husema sentensi moja tu: "Gari linasumbua mbele." Fundi naye hubahatisha, akabadilisha kifaa hiki na kile, mfuko wa mwenye gari ukakauka, ilhali ugonjwa ungalipo.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi. Lakini naona kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha maradhi haya.

Usukani ukitetemeka katika mwendo fulani, tuseme kilomita 90 kwa saa, kisha ukatulia mwendo ukibadilika, shaka ya kwanza ni gurudumu ambalo uzito wake haukusawazishwa. Gari likivuta upande mmoja, pima kwanza upepo wa tairi zikiwa baridi. Ukiwa sawa, badilishana tairi mbili za mbele, mradi si zile zinazozunguka upande mmoja tu. Likianza kuvuta upande wa pili, kasoro imo katika tairi. Lisipobadilika, chunguza alaimenti, au breki inayokwama. Usukani ukicheza, yaani ukizungushwa kidogo bila magurudumu kuitika, huenda viungo vyake vimelika, na hapo safari isubiri. Gari likinesanesa, likandamize kwenye pembe moja kisha uliachilie. Likiendelea kupanda na kushuka, shokomzoba imechoka. Gurudumu likivuma, na mvumo huo ukaongezeka kwa kasi au ukabadilika katika kona, tazama beringi.

Aidha, tairi yenyewe huweka kumbukumbu. Iliyolika kingo zote mbili ilikosa upepo. Iliyolika katikati ilijazwa kupita kiasi. Iliyolika upande mmoja tu huashiria magurudumu yasiyonyooka.

Serikali haikulala katika jambo hili. Kanuni za mwaka 2003, ambazo Waziri John Michuki alisimamia utekelezaji wake kuanzia Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama. Magari ya abiria pia hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lakini ukaguzi ni wa siku moja. Katika siku 364 zinazobaki, mkaguzi ni dereva mwenyewe, na chombo chake ni macho, masikio na maneno.

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wa ufundi wa magari husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha akaenda kufanya kazi kwa Kiswahili na wateja ambao hawakupitia chuo chake. Mwalimu wa Kiswahili naye huwafundisha wanafunzi kuandika insha za machweo na mawimbi, asiwape hata siku moja zoezi la kueleza kasoro ya mashine kwa ufasaha.

Zoezi hilo halihitaji fedha. Wanafunzi watumwe kwa mafundi wa jua kali, wakusanye maneno yao, wayapange na kuyafafanua darasani. Maneno kama shokomzoba na beringi yasibezwe kwa kuwa ni ya mkopo. Yana watumiaji na yana kazi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibiki kabla ya mtu kuuona na kuutaja, na hilo ni somo la lugha kabla ya kuwa somo la ufundi.