NYUMBA NA KIWANJA: Mita 150 toka majini

Mwezi huu tumepata barua ya mama mmoja mjane mwenye watoto wanne, anayefikiri kurudi Burundi. Marehemu mume wake aliacha kiwanja Nyanza-Lac, chini kabisa, karibu na pale wavuvi wanapovuta mitumbwi. Shemeji yake amempigia simu: amekwisha ongea na shefu wa kolini, ruhusa ipo, kinachobaki ni mama atume pesa ya mawe ya msingi. Mama anauliza, nitume?

Mama, usitume bado. Hatusemi shemeji anadanganya. Inawezekana kweli ameongea na shefu. Lakini neno la shefu wa kolini peke yake halitoshi kukuruhusu kujenga kando ya Tanganyika.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 toka ziwani. Ndani ya ukanda huo nyumba ya kukaa haitakiwi. Shefu anaweza kukukubalia kwa mdomo, hata kwa karatasi yenye muhuri, lakini hana uwezo wa kuiondoa sheria hiyo. Utaona watu wamejenga humo, tena nyumba za ghorofa. Usijipime na wao. Mwenye ghorofa akiambiwa abomoe ana mahali pengine pa kulala, wewe na watoto mtalala wapi?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Mwambie shemeji achukue kamba ya mita 10, aanzie kwenye maji, aivute mara 15 kuelekea juu. Afadhali apime mwezi wa tano, mwisho wa masika, maana ndipo ziwa linajaa. Akipima wakati wa kiangazi atajidanganya. Kama kiwanja kinapita hiyo alama, basi nyumba ikae upande wa juu, na huku chini uache miti au majani ya mifugo. Kama chote kiko ndani ya mita 150, mama yangu, hicho si kiwanja cha nyumba, hata kama baba mkwe alilala hapo miaka 30.

Na si mambo ya sheria tu. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 1964. Lilipanda tena mwaka 2020 na 2021, Gatumba ikaingiliwa na maji, watu wakaenda kukaa kwenye mahema. Mwaka 2024 likarudi vile vile. Tanganyika inapokea mito mingi, Rusizi, Malagarasi na mingine, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hayana haraka ya kutoka. Tofali za udongo zikikaa majini wiki moja, unajua mwenyewe zinavyokuwa.

Kama vipimo viko sawa, ruhusa inaombwa hivi. Anza kweli kwa shefu wa kolini na wazee, kwa sababu wao ndio mashahidi kwamba kiwanja ni cha nyumba yenu. Halafu nenda komini, kwenye ofisi ya ardhi. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2011, komini zinaweza kutoa cheti cha ardhi. Wanakuja kwenye kiwanja, majirani wote wanaitwa, mipaka inaonyeshwa mbele yao, na mwenye pingamizi anapewa nafasi ya kusema. Ndiyo maana uwepo mwenyewe siku hiyo. Kama ni mjini, uliza pia kibali cha kujenga kabla fundi hajachimba. Na uulize kwanza ofisi iko wapi, maana mwaka 2025 komini zilipunguzwa toka 119 mpaka 42, nyingine zimeunganishwa.

Hapa tuongee wazi juu ya jina. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi, inafuatwa desturi, na kwa desturi mjane anatunza shamba kwa ajili ya watoto wa kiume. Cheti kikiandikwa kwa jina la shemeji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo, kukitoa huko ni kazi ya miaka mahakamani. Tume ya CNTB iliyokuwa inasikiliza kesi za waliorudi ilimaliza muda wake mwaka 2022. Omba jina lako na ya watoto yaandikwe, na wazee wasikie.

Majirani zetu Wakongomani wa Baraka na Uvira, kwenu ardhi ni mali ya serikali tangu sheria ya 1973. Karatasi ya shefu ni mwanzo tu, hati inatoka kwa ofisi ya serikali. Na hapa Tanzania, ukisikia wenyeji wa Kigoma wanaongea juu ya mita 60, ndiyo hiyo hiyo: sheria ya mazingira ya mwaka 2004.

Mama, pesa uliyokusanya kwa kuuza unga wa posho ikae kwanza. Mwambie shemeji atume vipimo, si bei ya mawe. Akikujibu, tuandikie.

Mwezi ujao tutamjibu baba aliyeuliza juu ya mtoto aliyezaliwa kambini bila cheti cha kuzaliwa.