TAHARIRI: SINDANO YA MAFUA NA WENYE KINGA HAFIFU



Imezagaa habari pale ghalani kwamba eti mwenye kinga hafifu akichomwa chanjo ya mafua makali anajimaliza. Si kweli. Dawa ya sindano ina virusi vilivyokwisha kuuawa, au vipande vyake tu. Haiwezi kumpa mtu mafua. Mkono kuuma na homa ya siku moja mbili, hayo yapo. Ile ya kupuliza puani ndiyo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo wenzetu hawa wasipewe.

Tunasema juu ya mwenye VVU, anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa figo. Kwao mafua makali huteremka kifuani yakawa nimonia. Chanjo hii haimo katika zile za kliniki ya watoto, basi wamwulize daktari wao huko hospitali kubwa. Tena kila mwaka, maana virusi hubadilika.

Ila mwili dhaifu hauipokei chanjo sawasawa. Hapo sisi wazima tunahusika, jamani! Siku ya mizani tunabanana na kukoholeana. Mwenye mafua abaki nyumbani, atume mtu na kadi yake. Karani atampimia vilevile.